Gofu ya Visahani Penye Miti: Somo kwa Vijana wa Kinyinya

Mchezo tutakaouzungumza humu ni gofu ya visahani, na hasa namna ya kuucheza mahali penye miti mingi. Wengine wenu mmekwisha kuuona katika picha. Wengine mmekwisha kutupa kisahani uwanjani mkadhani mmeujua. Uwanja mtupu haufundishi hata nusu ya mchezo huu. Kijana aweza kutupa kisahani mita 80 katika kiwanja cha mpira, wenzake wakampigia makofi, kisha akaingia katika mikaratusi ya mteremkoni asiweze kwenda mita 20 bila ya kugonga shina. Somo hili limeandikwa kwa ajili ya kijana huyo.

Kwanza tuseme mchezo wenyewe kwa ufupi, maana wako wasioujua. Mahali pa mpira na fimbo pana kisahani cha plastiki. Mahali pa shimo pana kikapu cha chuma kilichosimamishwa juu ya mlingoti, na juu ya kikapu imening'inizwa minyororo ya kukisimamisha kisahani. Mchezaji hutupa toka mahali pa kuanzia. Kisahani kinapotua, hapo ndipo anapotupia tena, na kadhalika mpaka kitulie kikapuni. Mwenye mitupo michache ndiye mshindi. Kisahani kwa sheria hakipungui upana wa sentimita 21, wala uzito wake hauzidi gramu 200. Aliye mbali zaidi na kikapu ndiye hutupa kwanza. Basi ndiyo yote. Mtoto wa miaka saba aweza kuelewa kwa dakika tano, na mtu mzima aweza kushindwa kwa miaka kumi.

Asili yake yafurahisha kuitaja katika gazeti la shule. Mwaka 1926, katika kijiji cha Bladworth, jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, kijana Ronald Gibson na wanafunzi wenzake walitupa vifuniko vya makopo katika uwanja wa shule yao, wakahesabu mitupo kama wanavyofanya wacheza gofu. Walipomaliza shule mchezo wao ukafa. Ulizaliwa mara ya pili Marekani baada ya kampuni ya Wham-O kuanza kuuza visahani vya plastiki vya Fred Morrison mwaka 1957. Mtu wa kampuni hiyo, Ed Headrick, ndiye aliyefanya uwanja wa kwanza wa kudumu mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove, California, na ndiye aliyebuni kikapu chenye minyororo. Headrick alifariki mwaka 2002, na kwa wosia wake majivu yake yalichanganywa na plastiki yakafanywa visahani. Mapenzi ya mchezo yaliyopita kiasi, mtasema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa tuje kwetu. Kilima cha Kinyinya kiko katika Wilaya ya Gasabo, jijini Kigali. Ninyi mliomaliza shule zamani mtakumbuka milingoti ya Deutsche Welle iliyosimama huko tangu miaka ya 1960, ambayo ilirusha matangazo, ya Kiswahili pia, hadi kazi yake ilipokoma Machi 2015. Siku hizi kilima hiki kimepangiwa mradi wa nyumba uitwao Green City Kigali. Kusini yake iko Nyarutarama, ambako katika bonde pana uwanja wa gofu ya kawaida wenye mashimo 18, nyasi zikikatwa na kunyweshewa maji. Gofu ya visahani haitaki nyasi za namna hiyo. Yaweza kuchezwa katika mteremko, katika kichaka, na chini ya mikaratusi, ambayo ndiyo miti iliyopandwa kwa wingi kuliko yote katika misitu ya kupandwa ya Rwanda. Miti hiyo ililetwa mwanzoni mwa karne ya 20, asili yake Australia, na hupandwa kwa mistari ili kupata nguzo, kuni na makaa. Kumbuka maneno hayo mawili, "kwa mistari", maana somo lote limesimama juu yake.

Wachezaji wa Marekani wana usemi kwamba miti ni hewa asilimia 90, yaani tupa tu, kisahani kitapita. Hebu tuupime kwa hesabu. Tuseme mikaratusi imepandwa kwa nafasi ya mita 2.5 kila upande. Kila mti basi una eneo lake la mita za mraba 6.25, na hekta moja ina miti 1,600. Tuseme tena kwamba shina moja lina upana wa sentimita 15. Ukiyajumlisha mashina yote ya hekta hiyo, utaona yamekalia mita za mraba 28 tu kati ya 10,000. Kwa hiyo Wamarekani wamepunguza: msitu huu ni hewa zaidi ya asilimia 99!

Mbona basi kisahani hugonga? Kwa sababu kisahani si nukta. Kina upana wa sentimita 21, na kila kinapokwenda hufagia njia. Kitagusa shina ikiwa katikati yake itapita karibu na katikati ya shina kwa chini ya sentimita 18, yaani nusu ya upana wa kisahani na nusu ya upana wa shina. Sentimita 18 kuume na 18 kushoto ni 36. Kwa hiyo ni kama kwamba unafagia msitu kwa ufagio wenye upana wa sentimita 36. Katika mwendo wa mita 20 ufagio huo umepita juu ya mita za mraba 7.2; na kwa kuwa kila mita 6.25 zina mti mmoja, umekwisha kukutana na mti mmoja na zaidi. Gawa 6.25 kwa 0.36 utapata mita 17 na kidogo. Huo ndio mwendo wa wastani wa kisahani kilichotupwa ovyo kabla hakijagonga. Na wale waliofika katika hesabu za bahati na sibu wataona kwamba, kama miti ingekuwa imetapakaa bila mpango, mtupaji ovyo angepita mita 20 mara moja tu katika mara tatu, na mita 40 mara moja katika kumi.

Basi nguvu hazisaidii hapa. Mwenye nguvu nyingi hugonga shina lile lile analogonga mnyonge, ila hugonga kwa kishindo, na kisahani chake hurudi mbali zaidi ndani ya kichaka.

Lakini nimesema miti ilipandwa kwa mistari, na mistari ina milango. Simama mbele ya msitu wa namna hiyo, tembea polepole kwenda upande mmoja huku ukiutazama. Kwa hatua kadhaa huoni ila mashina yamejazana kama ukuta. Halafu ghafula mashina yote yanajipanga, na njia iliyonyooka inafunguka mbele yako hata mwisho wa msitu. Piga hatua moja tena, imefungwa. Hiyo ni njia ya mstari, na katika msitu wa mfano wetu uwazi wake ni mita 2.35. Ukiendelea kutembea utaona njia nyingine inafunguka kwa mshazari, nyembamba kuliko ya kwanza, uwazi wake kama mita 1.6. Njia hizi mbili ndizo za kutumaini. Kila mtupo usiofuata mojawapo ni mtupo ovyo, hata kama umetupwa kwa ustadi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mchezaji penye miti ni ya macho na miguu, si ya mkono. Sheria yakuruhusu kusimama popote ndani ya mahali pa kuanzia. Wengi husimama katikati kwa mazoea tu, kama ng'ombe aliyezoea njia ya kisimani. Sogea. Nusu ya hatua kuume au kushoto yaweza kukufungulia mlango ambao mwenzako hakuuona. Na baada ya mtupo wa kwanza, unapotaka kuamua kisahani kitue wapi, usijiulize tu "ni wapi karibu na kikapu?" Jiulize "ni wapi njia inafunguka kuelekea kikapuni?" Mahali palipo mbali kwa mita kumi lakini ndani ya mstari ni bora kuliko mahali pa karibu nyuma ya shina.

Je, mlango wa mita 2.35 ni mpana? Wapendao jiometri watapima. Ukisimama katikati ya njia, kisahani kina nafasi ya mita moja na kidogo kila upande. Kwa njia ya urefu wa mita 30, mkono wako waweza kukosea nyuzi 2 tu kabla ya kugonga. Kwa njia ya mshazari, nyuzi 1 na robo hivi. Lakini ukiamua kutupa mita 15 tu ndani ya njia ya mstari, waruhusiwa kukosea nyuzi 4. Ukipunguza mwendo kwa nusu, ruhusa ya kukosea yawa mara mbili. Hii ndiyo sababu wachezaji wazuri wa msituni, ambao wengi wamekulia katika misonobari ya Finland na Estonia, hukubali kutupa mara mbili mfupi mahali ambapo mgeni hutupa mara moja mrefu.

Jipime kabla ya kuingia msituni. Chomeka vijiti viwili uwanjani kwa nafasi ya mita 2, rudi nyuma mita 15, tupa mara kumi uhesabu vinavyopita katikati. Asiyepitisha saba hana haja ya kujifunza mitupo mirefu kwa sasa.

Tuje kwenye kisahani kikiwa hewani. Kisahani huzunguka kama pia, na tabia ya pia mnaijua: ukiisukuma mbele haianguki mbele, huinama ubavuni. Kisahani nacho ndivyo. Mtupaji wa mkono wa kuume akiuvusha mkono mbele ya kifua, kisahani huzunguka kama mshale wa saa kinapotazamwa toka juu. Kikiwa na kasi nyingi, hewa hukiinua zaidi nyuma ya katikati yake, na kwa ile tabia ya pia huinama kuume. Kasi inapopungua, hewa hukiinua zaidi mbele, nacho huinama kushoto mpaka kitue. Kwa hiyo mtupo mrefu wa mtu huyu una umbo la herufi S iliyonyoshwa. Kwa mtumiaji wa mkono wa kushoto, geuza maneno yote. Na ukitupa ukiwa umeelekeza kiganja mbele, mkono ukipita ubavuni, mzunguko hugeuka pia, na mapindo nayo. Jifunze mitupo yote miwili, maana kuna njia zipindazo kushoto na kuna zipindazo kuume, na shina halitakuuliza unapenda upande gani.

Hapa pana jambo la Kigali ambalo vitabu vya wageni havilitaji kwa uzito wake. Sisi twakaa kwenye kimo cha kama mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama 15 katika 100. Nguvu ya hewa juu ya kisahani hufuata uzito wa hewa na mraba wa kasi. Kwa hiyo ili kisahani kisikie hewa ile ile ya pwani, chataka kasi iliyozidi kwa 8 katika 100. Maana yake ni kwamba kisahani kilichotupwa Kinyinya hujiona kama kimetupwa polepole. Hakiinami sana kuume mwanzoni, na kwa mtupaji wa mkono wa kuume chataka kuangukia kushoto. Aliyejifunza pwani akija huku atashangaa kwa nini anagonga miti ya kushoto tu. Asilaumu mkono, abadili kisahani, achukue chepesi kidogo au kilichotumika sana, ambacho ukingo wake umelainika nacho huinama kuume kwa urahisi.

Kwa msituni, tena, napendelea kisahani cha polepole. Tangu Dave Dunipace alipotoa kisahani chenye ukingo wa mshazari mwaka 1983, watengenezaji wameshindana kufanya vyenye kasi na ukingo mpana, na vijana huvitamani kwa sababu ya picha zake. Kisahani cha kasi hakinyoki kikitupwa taratibu. Huangukia kushoto mara moja. Kisahani kinene chenye ukingo mfupi, kile cha kuingizia kikapuni, hunyoka katika mwendo mfupi, na penye miti kunyoka ndiko kutakiwako. Ukiwa na fedha za kisahani kimoja tu, nunua hicho. Usikimbie unapotupa, simama, uzito wa mwili uhame toka mguu wa nyuma kwenda wa mbele, basi. Mbio zaongeza nguvu, nazo nguvu tumekwisha kuona hazitakiwi.

Mteremko nao una hila yake. Ukitupa kuelekea bondeni kwa mkono ulio sawa na upeo wa macho, ardhi yakimbia chini ya kisahani, nacho hujikuta juu katikati ya matawi. Mikaratusi iliyokua ina mashina mtupu chini na matawi juu; njia iko chini. Basi inamisha kisahani kifuate mteremko, kiende kimo cha kichwa cha mtu mwendo wote. Ukitupa kuelekea kilimani ni kinyume chake, na wengi hukosea hapo kwa kuinua pua ya kisahani kupita kiasi, kikasimama hewani kama mwewe na kurudi miguuni pao.

Sasa twafika penye moyo wa somo. Tuseme umegonga. Kisahani kimelala nyuma ya mashina matatu, kikapu chaonekana mbele, mita 40, katikati ya tundu la upana wa mlango wa chumba. Nyuma yako kidogo, upande wa kuume, njia ya mstari i wazi, lakini ukitupa huko hukaribii kikapu hata kidogo. Wafanyeje?

Karibu kila kijana hutupa tunduni. Tufanye hesabu. Ukipita, utafika karibu na kikapu na kumaliza kwa mtupo mwingine: jumla 2. Ukigonga, utabaki hapo hapo, umepoteza mtupo, na itabidi utoke kwa njia: mmoja uliopotea, wa pili wa kutoka, wa tatu wa kukaribia, wa nne wa kuingiza: jumla 4. Ukitoka mara moja kwa njia iliyo wazi, unakaribia, unaingiza: jumla 3. Kutoka kwakupa 3 hakika. Tundu lakupa 2 au 4. Basi tundu lafaa ikiwa tu unapita mara tano katika kumi au zaidi. Ukipita mara mbili katika kumi, wastani wako ni 3.6. Na ukumbuke kwamba hesabu hii ni ya huruma, kwani anayegonga mara nyingi habaki hapo hapo, bali huenda mahali pabaya kuliko pa kwanza.

Mtaniambia mmeona picha ya James Conrad. Naam, Juni 2021, huko Ogden, Utah, katika shimo la mwisho la mashindano ya dunia, Conrad aliingiza kisahani kikapuni toka mita 75 hivi, akawa sawa na Paul McBeth, kisha akamshinda katika shimo la nyongeza. Lakini tazameni hali yake. Alikuwa nyuma kwa mtupo mmoja, na mwenzake alikuwa karibu na kikapu. Kukaribia tu kulikuwa kushindwa hakika. Kwake lile tundu la bahati halikuwa na gharama yoyote. Nanyi mkiwa katika hali hiyo, tupeni bila kusita. Ila katika shimo la tatu, kukiwa na mengine kumi na tano mbele, hali si hiyo.

Wengine husema kutoka ubavuni ni woga. Mimi naona kinyume. Kutupa tunduni mbele ya wenzako ni rahisi, maana ukigonga watasema alijaribu; kugeuka na kutupa mita kumi kando huku wakikucheka ndiko kutakako moyo.

Karibu na kikapu hayana maneno mengi. Ndani ya mita 10 sheria yakutaka usimame imara baada ya kutupa, usivuke mbele ya alama yako mpaka umetulia. Penye mteremko kama wa Kinyinya, jambo la kuogopa ni kisahani kilichokosa kikatua kwa ukingo, kikabiringika bondeni kama gurudumu. Kwa hiyo, ukiweza kuchagua, kaa upande wa chini wa kikapu. Mtupo wako ukikosa utagonga kilima na kulala. Anayetupa toka juu akikosa atashuka kukifuata kisahani mpaka kwa jirani.

Yako mambo ya sheria ambayo msituni huzusha ugomvi kuliko uwanjani. Kisahani kikinaswa mtini, wacheza toka chini yake. Ila waandalizi wa mashindano wakiwa wametangaza sheria ya mita mbili, na kisahani kimenaswa juu ya kimo hicho, waongezewa mtupo mmoja wa adhabu. Kisahani kikipotea, mnakitafuta dakika tatu. Kisipoonekana, mwenyewe hurudi alikotupia na kuongezewa mmoja. Na hili ndilo kubwa: hairuhusiwi kuvunja tawi wala kulifunga ili upate nafasi. Wapaswa kuchagua namna ya kusimama isukumayo matawi kwa uchache.

Sheria hiyo ya tawi kwetu ina uzito kuliko inavyoonekana katika karatasi. Msitu wa mikaratusi ni mali ya mtu. Mti mmoja ni nguzo ya nyumba, au kuni za majuma kadhaa, au karo ya mtoto. Kisahani cha gramu 175 kikienda mita 25 kwa sekunde huchana gome la mti mchanga, na mahali pa kuanzia ambapo watu mia hutupa kila juma, miti miwili ya mbele hupata majeraha. Basi kabla ya kuweka kikapu chochote, mwenye shamba aulizwe na akubali; kikapu kihamishwe kila baada ya majuma machache; miti michanga iliyo karibu izungushiwe gunia kuukuu. Nimewasikia vijana wakisema shimo fulani ni gumu mno na ingefaa kupunguza miti miwili mitatu. Hapana. Anayetaka uwanja usio na miti aende penye uwanja wa mpira. Mchezo huu ulichaguliwa kwa sababu waweza kuchezwa msituni pasipo kuugusa msitu, na siku tutakapoanza kukata, mwenye shamba atakuwa na haki ya kutufukuza.

Kadhalika njia za miguu. Vilima vyetu havina msitu usiopitwa na watu. Mama mwenye ndoo kichwani hawezi kuinama upesi, na mtoto mwenye mzigo wa majani hasikii ukipiga kelele. Kisahani kinachokwenda kwa kasi niliyoitaja ni sawa na kilometa 90 kwa saa. Weka mtu mmoja mbele, mahali ambapo aona njia na pia aona mahali pa kutua. Asipoinua mkono, hakuna kutupa. Mtu huyo ana faida ya pili: yeye ndiye ajuaye kisahani kimeingia wapi. Majani makavu ya mkaratusi hukifunika kisahani upesi ajabu, tena hutelezesha, kikaenda mita tano chini ya majani bila kuonekana. Msinunue visahani vya kijani wala vya hudhurungi, na chekundu hupotea katika udongo wetu. Buluu na waridi huonekana. Vijana watatu wanaposhirikiana kisahani kimoja, kukipoteza ni kuumaliza mchezo kwa muhula mzima, kwa hiyo rangi si jambo la urembo.

Wakati wa mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Desemba, chukueni kitambaa kikavu ndani ya mfuko wa nailoni. Kisahani chenye maji huponyoka mapema na kwenda kuume kwa mtupaji wa mkono wa kushoto, kushoto kwa wa kuume. Udongo wa mteremko ukilowa, tupeni miguu ikiwa imesimama, hata wale mliozoea mbio.

Kwa wapendao hesabu, haya hapa mawili ya kufanya jioni. La kwanza: msitu umepandwa kwa nafasi ya mita 3, mashina yana upana wa sentimita 20, kisahani cha sentimita 21 kilichotupwa ovyo chaenda wastani wa mita ngapi kabla ya kugonga? La pili: ule msitu wetu wa mita 2.5 umekatwa, na kama ilivyo desturi ya mikaratusi kila kisiki kimechipuza mashina matatu, kila moja sentimita 8. Kadiria kana kwamba mashina hayo yametawanyika kila mahali, upate mwendo huo huo. Jibu la kwanza ni karibu mita 22, na la pili ni mita 7 na kidogo. Walioona msitu uliochipuza tena baada ya kukatwa hawatashangaa; huko hata milango ya mistari imezibwa na machipukizi, na kisahani hutupwa mita tano tano mpaka kikapuni.